Walioifundisha Dunia Tkinter

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijana wa Dar es Salaam aliyetaka kutengeneza programu zenye madirisha na vitufe kwa lugha ya Python hakuwa na pengi pa kuanzia. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa mmoja wa vijana hao. Intaneti ilikuja kwa setilaiti na kuuzwa kwa dakika kwenye intaneti kafe. Desturi ilikuwa kufungua kurasa nyingi haraka haraka, kuzihifadhi kwenye flopi bila kuzisoma, kisha kwenda kuzisoma kwa rafiki mwenye kompyuta. Flopi ilibeba megabaiti 1.44 tu, hivyo picha ziliachwa, maandishi yakachukuliwa.

Kuichagua Tkinter, zana ya Python ya kutengenezea madirisha hayo, hakukuhitaji mjadala. Ukishaweka Python kwenye Windows, nayo imo, huna cha kupakua tena. Kwa mtu anayelipia kila dakika, hiyo peke yake ilitosha.

Ugumu ulikuwa kwenye kuielewa, na chanzo chake ni historia ya zana yenyewe. Ndani ya Tkinter mna Tk, iliyobuniwa na John Ousterhout alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa ajili ya lugha yake ya Tcl, ambayo alianza kuiunda mwaka 1988. Steen Lumholt na Guido van Rossum, baba wa Python, ndio walioiunganisha na Python. Mwongozo rasmi wa Tk ulikuwa kamili, lakini uliwalenga watu wa Tcl. Pale ulipoandika `.ok configure -text Hifadhi`, mtu wa Python alitakiwa aandike `ok.configure(text="Hifadhi")`. Mstari mmoja si kitu. Ila ukurasa mzima kuhusu turubai ya kuchorea, pamoja na matukio ya kipanya na namna ya kuyakamata, ulimlazimu msomaji ageuze kila mstari kichwani kabla hata ya kufikia somo lenyewe. Nyaraka rasmi za Python nazo kwa miaka mingi zilisema machache tu juu ya Tkinter, kisha zikamwelekeza msomaji kwingine.

Huko kwingine, mara nyingi, kulikuwa kwa Fredrik Lundh. Msweden huyu, ambaye pia ndiye aliyeanzisha PIL, maktaba ya Python ya kushughulikia picha, aliandika *An Introduction to Tkinter* mwaka 1999 na kuiweka wazi mtandaoni isomwe bure. Uzuri wake ulikuwa kwenye mpangilio. Akifika kwenye kitufe, kwanza alieleza ni wakati gani kitufe kinafaa; kisha mifano ya matumizi ya kila siku; orodha ndefu ya chaguo ikaja mwisho. Waandishi wengi wa nyaraka huanza na orodha, wakamwacha mwanafunzi na mambo arobaini asiyojua ayatumie lini. Lundh alionya pia dhidi ya kuchanganya `pack` na `grid` ndani ya dirisha moja. Zote mbili ni njia za kupanga vitu dirishani, na enzi hizo ukizichanganya programu iliganda kimya kimya, kila moja ikijaribu kupangua kilichopangwa na mwenziwe. Matoleo ya karibuni hukataa papo hapo na kutoa ujumbe wa kosa. Zamani, aliyekuwa hajausoma ukurasa wa Lundh angeweza kupoteza jioni nzima akitafuta kosa kwenye msimbo ambao kila mstari wake, ukiutazama peke yake, ni sahihi.

Kulikuwa pia na kitabu cha John Grayson, *Python and Tkinter Programming*, kilichotolewa na Manning mwaka 2000. Kwa wengi wa Dar kilibaki jina tu.

Julai 2009 mkonga wa mawasiliano wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki, na kasi ya intaneti ikaanza kubadilika. Masomo ya Tkinter yakawa tele, ya maandishi na ya video. Shida nayo ikageuka: kilichokuwa adimu sasa kilikuwa kingi, lakini sehemu kubwa ilikuwa imepitwa na wakati, na mgeni hakuwa na namna ya kutambua. Python 3, iliyotoka Desemba 2008, ilibadilisha `Tkinter` kuwa `tkinter`, kwa herufi ndogo. `tkMessageBox` ikahamia `tkinter.messagebox`. Somo la zamani likawa linakwama kwenye mstari wa kwanza kabisa. Anayejua alirekebisha herufi moja akaendelea. Asiyejua alidhani Python yake ni mbovu.

Kuna kupitwa na wakati kwingine kusikotoa ujumbe wowote wa kosa, na huko ndiko kulikoleta madhara zaidi. Tk 8.5 ya mwaka 2007 ilileta ttk, kundi la vitufe, visanduku na vitu vingine vya dirishani vinavyofuata sura ya mfumo wa kompyuta husika. Masomo mengi yaliendelea kufundisha vitufe vya kijivu vilivyovimba, kwa sababu msimbo wa zamani bado ulifanya kazi. Watu wakavitazama, wakasema Tkinter ni mbaya, wakahama. Mwandishi huyu anaamini mpaka leo kwamba lawama ile iliiangukia zana isivyo haki. Yaliyostahili kulaumiwa ni masomo yasiyo na tarehe wala namba ya toleo.

Aliyeliona jambo hili mapema na kulifanyia kazi ni Mark Roseman. Tovuti yake ya TkDocs haimfichi msomaji ukweli: sehemu kubwa ya maelezo ya Tk yaliyosambaa mtandaoni ni ya kale. Mafunzo yake yanaanza moja kwa moja na ttk na `grid`, na mfano uleule huonyeshwa kwa Tcl, Ruby, Perl na Python. Ile kazi ya kugeuza mistari kichwani ikaisha. Kwa anayetaka kujua kila chaguo la kila kitu, kulikuwa na rejeleo la John Shipman wa New Mexico Tech, lililoandaliwa kwa ajili ya Tk 8.5 kwa utulivu wa mwalimu asiyeruka hatua.

Kisha nguzo zikaanza kuondoka. Mwaka 2020 tovuti ya Lundh, effbot.org, ilizimwa, na viungo vingi vilivyoielekea vikabaki bila kitu. Novemba 2021 Lundh mwenyewe akafariki. Vizazi vya wanafunzi ambao hakuwahi kukutana nao walijifunzia kwake, na ni haki jina lake litajwe popote Tkinter inapofundishwa. Kurasa zake bado zinasomeka kupitia Internet Archive. Rejeleo la Shipman nalo lina nakala ndani ya TkDocs.

Nyaraka rasmi zimebadilika pia, na badiliko linaonekana kwenye mfano wao wa kwanza. Ule wa zamani ulitumia `pack`, ukaweka kitufe cha QUIT chenye maandishi mekundu, na kumtaka msomaji aelewe darasa zima la `Application` kabla hajaona dirisha lolote. Wa sasa ni mistari michache tu: fremu ya ttk, lebo, kitufe cha kufunga, vyote kwa `grid`. Baada yake msomaji anaonyeshwa namna ya kukiuliza kitufe chenyewe kina chaguo gani, kwa kuita `configure()` na kuchapisha majibu.

Kijana anayemwendea mwandishi huyu leo huambiwa kwanza aandike `python -m tkinter`. Dirisha dogo hufunguka na kutaja toleo la Tk lililopo, na kila akibofya "Click me!", maandishi yake huongezewa mabano ya mraba. Akishalijua toleo lake, aende TkDocs, na kila somo jingine atakalokutana nalo alipime kwa namba hiyo. Kazi hiyo ya kupima imezidi kuwa muhimu tangu Septemba 2024, ilipotoka Tcl/Tk 9.0, toleo kuu la kwanza tangu 8.0 ya mwaka 1997, na masomo yote yaliyotajwa hapa yaliandikwa kabla yake au yanaendelea kurekebishwa ili yaifikie.