Groto la Bagamoyo na Mikono Iliyolijenga

Bodaboda zitakufikisha Misheni kwa dakika chache kutoka stendi ya Bagamoyo, lakini afadhali ushuke pale miembe inapoanzia na kumalizia kwa miguu. Miembe hiyo ilipandwa mwaka 1871 kwa mistari miwili, kushoto na kulia mwa njia. Vigogo vyake leo havikumbatiki na mtu mmoja, na matawi yamekutana juu hata jua la saa sita linafika chini vipandevipande. Ilipokuwa miche, soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado linauza watu. Halikufungwa mpaka Juni 1873. Mwenye kuhiji hapa na akumbuke tarehe hizo mbili, kwa kuwa kila atakachokiona mbele kinatokana na hapo.

Nilikuta mabasi madogo yameegeshwa kivulini na akina mama wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, wakishuka na madumu ya maji, vikapu vya chakula na vitenge vya sare. Mei na Oktoba, miezi ya rozari, Misheni hujaa. Watu huja kutoka Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 70 kupitia Bunju na Mapinga, na wengine hutoka Morogoro na mbali zaidi. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekaa juu ya mzizi akivua viatu, nilimwamkia. "Marahaba mwanangu," akaitika, kisha akaongeza, "Tumsifu Yesu Kristo." Nikajibu "Milele amina," naye akanionesha kwa kidole upande wa groto, pango la Bikira Maria, kana kwamba hakuna kingine ambacho mtu angekifuata hapa.

Msomaji aliyewahi kuona picha za makanisa ya hija ya mashambani huko Ulaya asitegemee mambo yale. Wieskirche, kwa mfano, kanisa lililosimama katikati ya malisho ya ng'ombe kusini mwa Ujerumani, lilijengwa na Dominikus Zimmermann kuanzia 1745, na ndani yake kuna dhahabu, malaika wa plasta na dari iliyochorwa mbingu ikifunguka. Wakulima walilifuata kwa sababu ya sanamu ya mbao ya Yesu aliyefungwa mnyororo akipigwa mijeledi. Mwaka 1738 mke wa mkulima alisema ameiona ikitoa machozi. Enzi ya baroko, mtindo wa makanisa ya namna hiyo, pwani yetu nayo iliujua Ukristo, ila ulikuja na mizinga. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan akawageukia, na mwaka 1698 Waomani wakaitwaa ngome hiyo. Kwa Wakristo wa pwani hakikubaki kitu cha kuhijiwa. Bagamoyo ilianza upya, kwa njia nyingine kabisa, na mnyororo wa hapa ulikuwa wa kweli.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Unguja tangu 1863, wakiongozwa na Mfaransa Antoine Horner. Machi 1868 walivuka bahari wakaweka Misheni hapa, ya kwanza ya Kikatoliki Tanzania Bara. Ardhi walipewa na Waislamu wa mji huu, kaskazini mwa mji wenyewe. Wazaramo wa hapo hawakuridhika, ikabidi wajumbe wa Sultani Majid wa Unguja waingilie kati, na baada ya 1870 wajumbe wa Sultani Barghash. Mimi hupenda jambo hilo litajwe kila hija inapohubiriwa, kwamba mji wa Kiislamu ndio uliotoa kiwanja.

Watu wa kukaa kwenye kiwanja hicho walitoka wapi? Wengine walinunuliwa kwa fedha za michango ya Wakatoliki wa Ulaya. Wengine waliletwa baada ya manowari za Waingereza kukamata majahazi yaliyosheheni watumwa. Wengi walikuwa watoto, wametembezwa kutoka bara kwa miezi, kila mmoja ana lugha yake, hamjui aliyelala naye mkekani. Waliolelewa Misheni walifundishwa kusoma, useremala, uhunzi, uashi na kilimo. Wakikua waliozwa na kupewa nyumba katika kijiji cha waliokombolewa. Masista waliowalea walitoka kisiwa cha Réunion, wa Shirika la Mabinti wa Maria, lililoundwa mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo. Shirika hilo lilipokea wanawake waliokuwa watumwa. Kwa hiyo baadhi ya waliokuwa wakiwaosha vidonda watoto wale walijua kwa ngozi yao wenyewe kidonda cha pingu kilivyo.

Nisiipambe picha. Kengele ndiyo iliyotawala siku ya Misheni, na kuamka, sala, shamba na kulala kote kulifuata mlio wake. Waliokombolewa hawakuwa huru kwa maana tunayoipa sisi leo neno hilo. Walifanya kazi katika mashamba ya Misheni, na adhabu zilikuwapo. Wapo waliotoroka wakaenda kuishi mjini au kujiunga na misafara ya bara kama wapagazi. Hao nao nawahesabu, maana mtu aliyeuzwa akanunuliwa, halafu akajichagulia pa kwenda, amefanya jambo kubwa.

Aprili 1872 kimbunga kile kilichoiharibu Unguja kiliiangukia na Bagamoyo, na majengo ya Misheni yakalala chini. Kilichofuata ni miaka ya mawe. Nyumba ya mapadri ilianzwa 1873 ikamalizika 1876, na nyumba ya masista, ambayo sasa ni makumbusho, ikakamilika mwaka huohuo wa 1876. Nalo groto likasimama mwaka huo, kazi ya mikono ya waliokuwa watumwa.

Huko Lourdes, Ufaransa, msichana aitwaye Bernadette alisema amemwona Bikira Maria pangoni mwaka 1858. Miaka 18 tu baadaye watu ambao hawakupata kuiona Ulaya walikuwa wanalijenga pango lile huku kwenye mchanga, wakiongozwa na mapadri waliolibeba kichwani. Lakini kaa karibu na ukuta wake, usiishie kutazama sanamu. Jiwe ni la matumbawe, limejaa vijitundu vyenye umbo la nyota, kila kimoja nyumba ya mdudu wa bahari aliyekufa zamani za kale. Hapa na pale kuna kipande cha kombe kilichonasa ndani ya jiwe. Weka kidole kwenye kiungio, kitatoka na unga mweupe. Chini, penye mishumaa, nta imemwagika juu ya nta mpaka ikafanya ganda, na akina mama huikwangua kwa kisu kabla hawajawasha mipya.

Ufundi huo hautoki Lourdes. Nenda kilomita chache kusini, Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yake, utaukuta uleule. Jiwe huchimbwa ufukoni, hupangwa na kukaziwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yapoe mpaka yalainike. Waashi wa pwani waliijua kazi hiyo karne nyingi kabla padri wa kwanza hajashuka mashuani. Mimi sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa mahali pa hija: sala ni ya Lourdes, ukuta ni wa Kaole, na waliouinua ni watu wa bara walioletwa pwani kuuzwa.

Hatua chache kutoka kwenye miembe upo mnara wa kanisa la kwanza, unaoitwa mnara wa Livingstone, na huo huvuta wageni wa kutoka nje zaidi kuliko groto. Mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo usiku wa tarehe 24 Februari 1874. Alikuwa amefariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake wakautoa moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakaupaka chumvi na kuuanika juani, wakaufunga kwa kitambaa, gome la mti na turubai, kisha wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka hapa. Kati ya wenzake hao, Susi na Chuma wanatajwa. Jacob Wainwright, aliyesoma sala za mazishi ya moyo, alisafiri na jeneza hadi London na kuhudhuria maziko Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Waliobaki, wapagazi, wanawake na watoto wa msafara ule, walilipwa wakatawanyika. Mapadri Wakatoliki walifungua kanisa lao kwa Mprotestanti wa Uskoti bila kuuliza swali, na hilo nalo ni la kuwasifu.

Kanisa kubwa linalotumika sasa lilijengwa kati ya 1910 na 1914, na Vita Kuu ikaanza mwaka lilipomalizika. Ni jengo zito la mawe, lenye mnara na matao, na ndani yake kuna baridi hata Januari. Sitasema ni zuri kuliko mengine ya pwani. Uzuri wake uko kwenye kutumika: Jumapili hujaa watu wa Bagamoyo, na watoto hukaa sakafuni mbele ya altare. Mbuyu wa uani una hadithi inayopendwa, kwamba Bibi Chevalier, Mfaransa aliyewahudumia wagonjwa, alifungia punda wake hapo kwa mnyororo, mnyororo ukasahauliwa, na mti ukaumeza. Kipande kidogo bado kinaonekana. Watoto wa shule hukishika kwa zamu. Na ukiteremka ufukoni upo msalaba pale mapadri waliposhukia, ambapo hija nyingi humalizia njia ya msalaba huku mashua za wavuvi zikiwa zimelala kando.

Kutoka hapa Ukatoliki ulipanda bara: Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881, na miaka kama kumi baadaye Kilema, miguuni pa Kilimanjaro. Miche ya kahawa, ambayo mapadri waliitoa Réunion, ilipitia bustani ya Misheni kabla ya kufika Kilema. Wachaga waliosomesha watoto wao kwa kahawa wana deni kidogo na mchanga wa Bagamoyo. Wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, 1888 na 1889, wakazi kwa maelfu walikimbilia ndani ya uzio wa Misheni, wakiwamo Waislamu. Novemba 2018, ulipotimia mwaka wa 150, Papa Francis alimtuma Kardinali John Njue wa Nairobi kuongoza misa ya shukrani hapahapa.

Niliyaacha makaburi mpaka mwisho. Makaburi ya wamisionari yako kwenye kivuli, yamepangwa sawasawa, na misalaba ina majina na miaka. Ukipiga hesabu utaona wengi walifika wakiwa vijana wakafa ndani ya miaka michache, kwa malaria na homa nyingine. Nilisoma jina moja baada ya jingine kwa sauti ndogo, maana wanastahili kusomwa. Kisha nikarudi groto kutafuta jina la mwashi mmoja tu, wa waliochoma chokaa, waliobeba mawe kutoka ufukoni, waliopandisha jiwe la mwisho juu ya upinde. Mimi sikuliona.

Nilimweleza yule mama wa WAWATA, ambaye sasa alikuwa amemaliza rozari na anagawa maandazi. Akaniambia kikundi chao, kila wanapokuja, hutoa fumbo moja kwa ajili ya "wale waliojenga," bila majina, kwa kuwa hawana majina ya kutaja. Akanipa maandazi mawili na kuniuliza kama nimeshafika ufukoni, maana basi lao lingeondoka saa tisa na bado walikuwa hawajamaliza vituo vya msalaba.