Mwanangu ana usonji, nami nauza maandazi

Mama mwenye mtoto asiyesema hakosi washauri. Mwanangu wa pili sasa ana miaka 7. Alipotimiza miaka 3 alikuwa bado haniiti mama, akiitwa jina hageuki, na aliweza kukaa saa nzima akizungusha mfuniko wa sufuria. Daktari wa watoto alimchunguza, akatuuliza maswali kwa siku tatu tofauti, kisha akatuambia ana usonji. Tangu hapo nimeshauriwa nimpeleke kwa mganga, nimkatishe kimeo, nimfiche wageni wakija, nimzalie mdogo wake haraka ili amfundishe kusema. Yote hayo niliyasikia na kuyaacha yapite. Lililonichoma ni moja tu: kwamba nilimharibu mtoto kwa maandazi yangu.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Saa tisa usiku naamka kukanda unga, saa kumi na moja karai liko motoni, na kukipambazuka wanafunzi na makonda wa daladala wako mlangoni. Unga wa ngano ndio unaolipa kodi ya nyumba na kumnunulia dada yake sare za shule. Mtoto huyu amekulia pembeni ya meza ya unga, na chapati ndicho chakula anachokipenda kuliko vyote.

Basi wifi yangu, ambaye hana nia mbaya, alinitumia ujumbe mrefu kwenye simu. Ulisema ngano ina sumu iitwayo gluteni, kwamba sumu hiyo hutoboa utumbo, hupanda kichwani na kuleta usonji, na mzazi akiiondoa mtoto ataanza kuongea. Jioni akanipigia. "Wifi, usinichukie," alisema, "lakini nyumba yenu nzima ni ngano. Utapungukiwa na nini ukijaribu?" Mume wangu alinyamaza. Mama mkwe hakunyamaza. Alitaka mtoto ahamie kwake ale ugali tu.

Nawaandikia wazazi wenzangu kwa sababu najua ujumbe ule unazunguka bado. Ndani yake mna kweli na uongo vilivyokandwa pamoja, na kuvitenganisha kulinichukua miezi.

Gluteni si sumu. Ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la unga livutike na mkate uumuke, na kila mkanda unga anaijua kwa mikono hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Unga wa mahindi hauna gluteni, ndiyo maana ukijaribu kuusukuma kama chapati unakatika. Watu wengi hula gluteni maisha yao yote bila kudhurika.

Lakini takriban mtu 1 kati ya 100 duniani ana ugonjwa unaoitwa siliaki. Mtu huyo amezaliwa na urithi fulani katika damu ya ukoo, na anapokula gluteni kinga yake ya mwili hugeuka kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Utumbo mwembamba kwa ndani umejaa vinyweleo vidogo sana, mfano wa manyoya ya zulia, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vinyweleo vikiharibika, mtoto hula lakini hanenepi. Tumbo hujaa, anaharisha au anafunga choo, damu inapungua, anadumaa. Dawa yake ni moja tu: kuacha ngano, shayiri na rai kabisa, maisha yote.

Aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, njaa kali iliingia sehemu ya magharibi ya nchi ile na mkate ukawa adimu. Watoto wengine walizidi kudhoofika, lakini wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 Dicke aliandika utafiti wake kuhusu jambo hilo, na watoto waliokuwa wakifa kwa kuharisha wakaanza kupona kwa kubadilishiwa chakula.

Wala tusidanganyane kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya watoto karibu 1,000 wa Sahara Magharibi waliopimwa katika kambi za wakimbizi nchini Algeria. Asilimia 5.6 walikuwa na siliaki, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Hao ni watu ambao zamani waliishi zaidi kwa maziwa ya ngamia na nyama, kisha ngano ikawa chakula chao cha kila siku.

Wifi yangu alikuwa na kweli nyingine pia. Siliaki haiishii tumboni. Mwaka 1996 daktari Marios Hadjivassiliou na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliwapima wagonjwa wa mishipa ya fahamu ambao ugonjwa wao haukuwa umejulikana chanzo. Wengi wao walikutwa na kingamwili zinazopigana na gluteni, kuliko ilivyo kwa watu wazima wa afya. Baadhi yao walikuwa wakipepesuka kama walevi ilhali hawanywi, kwa sababu sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia mizani ya mwili ilikuwa imeshambuliwa. Wengine hawakuwa na maumivu yoyote ya tumbo. Wengine huhisi ganzi na kuchomwachomwa miguuni. Madaktari wa Italia nao waliandika mwaka 1992 kuhusu wagonjwa wenye siliaki pamoja na kifafa. Mgonjwa wa namna hii akiwahi kuacha gluteni anaweza kupata nafuu. Akichelewa, seli za ubongo zilizokufa hazirudi.

Kwa hiyo mtu akisema chakula kinaweza kugusa ubongo, asichekwe. Tatizo linaanza pale anapovuka kutoka hapo hadi kwenye usonji kana kwamba ni hatua moja.

Mwaka 1979 mtafiti Jaak Panksepp alitoa wazo kwamba usonji huenda unahusiana na kemikali za ubongo zinazofanya kazi kama kasumba. Baadaye wengine wakaongeza kuwa vipande vya protini za ngano na maziwa hupenya utumbo na kumlevya mtoto. Wazo hilo lilienea haraka kwa wazazi, nami naelewa kwa nini, kwani linakupa kitu cha kufanya kesho asubuhi. Ila lilipopimwa halikusimama. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa 2016, watoto 14 wenye usonji waliachishwa ngano na maziwa, kisha wakawa wanapewa vitafunio vyenye ngano, vyenye maziwa, vyenye vyote viwili au visivyo na chochote, bila mzazi wala mtafiti kujua ni siku ya kipi. Usingizi, choo na tabia havikubadilika.

Sweden nako waliangalia kumbukumbu za hospitali za watu zaidi ya 26,000 wenye siliaki, na matokeo yakatoka 2013. Waliokwisha kutambuliwa kuwa na usonji hawakuonekana kuugua siliaki kuliko watu wengine. Uhusiano mkubwa ulionekana kwa watu waliokuwa na kingamwili za siliaki kwenye damu huku utumbo wao ukiwa mzima. Hilo linastahili kuendelea kuchunguzwa. Lakini vitu viwili kukutwa kwa mtu mmoja hakutoshi kusema kimoja kimezaa kingine.

Wapo pia watoto wachache ambao jina la usonji walipewa huku siliaki ikiwa imejificha. Mwaka 2010 madaktari wa Kanada walieleza habari za mvulana wa miaka 5 aliyesemekana ana usonji mkali. Alipopimwa alikutwa na siliaki na upungufu wa virutubisho, na alipoachishwa gluteni na kupewa vitamini alibadilika sana. Kisa hicho ni cha kweli. Kinachotufundisha ni kuwapima watoto wetu, maana mtoto yule alipimwa kwanza.

Hapo ndipo daktari wetu alinisaidia. Nilimsomea ujumbe wa wifi neno kwa neno, naye hakucheka. Aliniuliza kama mtoto ana shida ya tumbo. Nikamwambia kwamba usiku anaamka na kujigonga kichwa ukutani, anajing'ata mkono, na mchana anapenda kulalia pembe ya meza kwa tumbo. Mimi na wote nyumbani tulijua hiyo ni usonji. Daktari akasema huenda ni maumivu. Mtoto asiye na maneno hawezi kukuambia anaumwa wapi, na wengi wenye usonji wana matatizo ya tumbo yasiyotibiwa kwa sababu kila kitu kinasingiziwa usonji.

Akaandika kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili za siliaki. Kikionyesha zipo, mgonjwa huingizwa mpira wenye kamera hadi kwenye utumbo na kukatwa kipande kidogo kiangaliwe kwa hadubini. Akanisisitizia jambo ambalo ujumbe haukulitaja: aendelee kula chapati zake kama kawaida hadi damu ichukuliwe. Ukimwachisha ngano wiki kadhaa kabla, kingamwili hupungua, utumbo huanza kupona, na kipimo kinaweza kusema hana ugonjwa kumbe anao. Nilimrudia mama mkwe nikamwambia, "Mama, naomba radhi, mtoto hahami mpaka majibu yatoke." Alikasirika siku mbili, siku ya tatu akaja na papai.

Damu ilipelekwa maabara ya mjini, na gharama yake ilikula mtaji wangu wa wiki tatu. Nilikopa unga. Siku zile kila andazi nililolitoa kwenye mafuta nililitazama kama shahidi atakayesimama kunishtaki. Nilishaamua kwamba majibu yakiwa mabaya nitaacha ngano, nipike vitumbua vya mchele mtupu na mkate wa kumimina, na nyumba nzima tutakula anachokula yeye.

Majibu yalitoka kwamba hana siliaki. Daktari alimpapasa tumbo akakuta choo kimekaa ndani muda mrefu. Alimpa dawa ya maji ya kulainisha choo, maji zaidi ya kunywa, matunda, na saa maalumu ya kukaa chooni kila baada ya kula. Mwezi ulipoisha mtoto alikuwa analala mpaka asubuhi, na ukuta wetu umepumzika. Usonji wake uko palepale. Ana maneno machache, mojawapo ni "pati", akimaanisha chapati.

Katika kusoma kwangu nilikutana na habari nyingine iliyonikalisha chini. Leo Kanner alipoueleza usonji mwaka 1943, kwa watoto 11, haukupita muda watu wakaanza kusema unaletwa na mama mwenye moyo wa baridi asiyempenda mtoto wake. Akina mama wengi Marekani na Ulaya walibebeshwa lawama hiyo miaka mingi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, aliandika kitabu kuonyesha kwamba chanzo kiko katika maumbile ya ubongo na si malezi. Leo inajulikana kuwa urithi una nafasi kubwa, na mengi yameanza kabla mtoto hajazaliwa. Kabla, yaani, hajaonja andazi la mtu yeyote.

Mzazi mwenzangu, kama mtoto wako ana usonji na tumbo linamsumbua, haongezeki uzito, damu inapungua, au kwenye ukoo wenu kuna mwenye siliaki au kisukari cha utotoni kinachohitaji insulini, omba kipimo. Usiondoe ngano kabla. Likithibitika, iondoe kweli: angalia unga wa lishe, maana wengine huchanganya ngano humo, na uliza mashine unayosagia mahindi kama husaga ngano pia. Chakula chetu kitakusaidia, kwani ugali, wali, muhogo, ndizi, ulezi na mtama havina gluteni. Kama hana siliaki, usimnyang'anye mtoto anayechagua vyakula kile kidogo anachokubali kula bila ushauri wa daktari. Wengi wa watoto hawa hula aina chache tu za vyakula.

Nanyi mawifi na mama wakwe, ujumbe wa simu ukikuingia usiku, usimtumie mama wa mtoto. Mpigie umuulize siku ya kliniki ni lini, kisha umsindikize. Wifi yangu siku hizi ndiye anayenishikia biashara asubuhi za kliniki, na maandazi yake, nakiri, yanauzika haraka kuliko yangu.