Darasa la Watoto wa Kubuni

Mimi nasomea ualimu, Hisabati na Jiografia, kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba kilichoniteka kwenye Laravel ni wanafunzi wake. Wale wa kubuni.

TP nilifanyia Kibaoni, ukishavuka Hifadhi ya Katavi kutokea Mpanda. Mwalimu wa taaluma alitaka programu ndogo ya kupanga matokeo, akanipa flashi. "Mwalimu, chukua alama za kidato cha tatu, ujaribie humo." Nikamrudishia kwa adabu zote. Mle kulikuwa na majina, alama na namba za simu za wazazi, na laptop yangu inaazimwa na hosteli nzima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, alama za mtoto wa mtu siyo za kuzungusha.

Laravel ina kitu wanakiita faktori, yaani kiwanda. Unaeleza mara moja tu mwanafunzi ana nini: jina, jinsia, alama kati ya 0 na 100. Kisha mstari mmoja wa msimbo unakuzalishia watoto 400 kwenye hifadhidata ya majaribio, na ukimaliza unawafuta bila kumkosea mtu. Majina yanatoka kwenye maktaba ya Faker, ambayo usipoigusa mipangilio yake inakuletea Wamarekani. Nikawa na darasa zima Kibaoni lisilo na Mashaka hata mmoja!

Cheka tu, ila majina ndiyo yalikuwa shida ndogo. Darasa la kiwandani ni safi mno. Kila mzazi ana simu, hakuna aliyekosa mtihani, na programu inapita majaribio yote kama maji. Nikakaa na yule mwalimu chini ya mwembe, nikamuuliza darasa lake likoje hasa, nikayaingiza majibu yake kiwandani. Yupo Ng'washi, mwenye ritifaa katikati ya jina, anayelelewa na bibi asiye na simu. Wapo waliokuwa kwenye mpunga siku ya Hisabati. Hao hawana alama, na kukosa alama siyo kupata sifuri. Ukizichanganya, wastani wa darasa unaporomoka na mtoto anaitwa mzembe. Halafu kuna mpaka: kwa kidato cha nne 29 ni F, 30 ni D. Hao wawili unawatengeneza kwa makusudi, usingoje bahati nasibu ikuletee.

Rafiki yangu wa kitivo cha kompyuta anasema wiki nzima kwa watoto wasiokuwepo ni kupoteza muda. Sikubishana naye sana. Siku namwonyesha mwalimu wa taaluma orodha mpya, aliipitia taratibu, akasimamisha kidole.

"Huyu Ng'washi wa kwa bibi, anatokea kitongoji gani?"