Kreti Zishaenda, Apu Bado Inaziuza

Kama umewahi kupiga simu kuuliza kitu ulichoona kwenye apu ukaambiwa "hiyo iliuzwa kitambo", hii ni yako. Wengi wetu tukijibiwa hivyo tunaamua muuzaji ni mkora. Mimi nasema, kabla umwite mkora, jua kinachoendelea ndani ya hiyo apu.

Ndani kuna vitu viwili. Cha kwanza ni hifadhidata, na ukweli unakaa hapo. Kwa hifadhidata za nyaraka kama MongoDB, kila tangazo ni waraka mmoja: nyanya, kreti 12, Kagio, bei, nambari ya simu. Cha pili ni faharasa ya utafutaji, mfano ile ya Elasticsearch, iliyotoka 2010. Fikiria zile kurasa za mwisho za kitabu cha biolojia: "figo", ukurasa 40, 57, 112. Hausomi kitabu kizima kutafuta figo, unaangalia pale nyuma. Faharasa ya apu iko hivyo tu. Ukiandika "nyanya Kagio", orodha ishatengenezwa, majibu yanakuja mbio.

Lakini shika hii: faharasa ni nakala. Na kila nakala huchelewa. Hata Elasticsearch ikiwa nzima kabisa, kwa kawaida inangoja kama sekunde 1 kabla kitu kipya kionekane kwenye utafutaji. Sekunde moja haiumizi mtu. Shida ni ikichelewa siku tatu na hakuna mtu anajua.

Sasa niwalete Kagio. Ukitoka Sagana ukielekea Kutus lazima upite sokoni kwetu, na hapa nyanya hazingoji mtu. Kreti ulizoona asubuhi, kufika saa sita ziko kwa lori zinaenda Nairobi. Mathe aliwahi kuweka nyanya zake kwenye apu moja, jina sitaitaja. Akauza zote siku hiyo hiyo, akaingia, akafuta tangazo. Kwa simu yake likaenda. Kwa simu za watu wengine likabaki.

Alipigiwa simu siku tatu mfululizo. Mnunuzi mmoja hata hakupiga, alitoka Karatina na pikapu akafika hadi kwetu. Alipoambiwa zimeisha akasema, "Mama, kumbe hata wewe ni tapeli kama hao wengine." Mafuta alikuwa ameshachoma, kwa hivyo hasira yake naielewa. Lakini Mathe alifanya kila kitu alichotakiwa kufanya. Huyo mnunuzi hajawahi kurudi kwake.

Kwa nini tangazo limeenda kwake na kwa wengine lipo? Ndani ya hiyo apu sijaingia, lakini dalili ni zile zile za kila siku. Ukifungua matangazo yako mwenyewe, apu inasoma hifadhidata. Mtu mwingine akitafuta, inasoma faharasa. Sehemu mbili, majibu mawili.

Na kuna njia tatu za kawaida hizo mbili zinaachana.

Njia ya kwanza ni kuandika mara mbili. Apu inaandika kwa hifadhidata, halafu inaandika kwa faharasa. Ni kama muuzaji anayeandika mauzo kwa daftari, kisha anapigia broka kumwambia. Siku simu itazima katikati, daftari lina ukweli na broka ana uongo. Hakuna aliyedanganya.

Ya pili ni kufuta, na hii ndiyo mbaya zaidi. Apu nyingi zina kazi inayoamka kila saa na kuuliza, "Ni nyaraka gani zimebadilika tangu nilale?" Sawa. Lakini waraka uliofutwa hauko tena useme "mimi nimebadilika". Umeenda kimya. Kwa hivyo faharasa inaendelea kuutangaza kama maiti ambayo haijazikwa. Dawa yake si ngumu: usifute mara moja. Weka alama kwamba umeuzwa, acha alama ifike kwa faharasa, ndio uondoe.

Ya tatu ni mpangilio. Umeweka bei 5,000, dakika moja baadaye ukashusha hadi 4,000. Ujumbe wa pili ukifika kwanza, ule wa zamani unakuja nyuma na kuufunika. Ndiyo maana kila badiliko linafaa kuwa na nambari ya toleo, na faharasa ikatae toleo la zamani.

Njia safi ni moja: andika mahali pamoja tu, kwa hifadhidata, halafu faharasa ifuate nyayo zake. Tangu toleo la 3.6 la 2017, MongoDB inaruhusu programu nyingine kusikiliza kila badiliko likitokea, likiwemo la kufuta. Msikilizaji anaweka alama ya alipofika, kama unavyokunja ukurasa wa kitabu. Stima ikipotea na kurudi, anaendelea kutoka hapo. Ila akae nje muda mrefu sana, kumbukumbu za zamani zinafutwa kupisha mpya, na itabidi anakili kila kitu upya.

Kuna wasee watasema tumia huduma ambayo hifadhidata na utafutaji vimewekwa pamoja, mambo yaishe. Inasaidia, ndio, kazi ya kunakili inafanywa na mtu mwingine. Lakini nyuma ya pazia bado kuna nyaraka na bado kuna faharasa inayozifuata.

Na hii si stori ya nyanya tu. Kumbuka Agosti 2022. IEBC iliweka Fomu 34A mtandaoni, fomu za vituo zaidi ya 46,000, mtu yeyote angeweza kuzifungua. Kila stesheni ya TV ikaanza kujumlisha yake. Fomu zilikuwa zile zile, lakini ukibadilisha chaneli unapata nambari tofauti, kwa sababu kila moja ilikuwa imefika fomu tofauti. Nchi nzima ilikuwa roho juu, na watu wakaanza kuitana waongo kwa sababu ya nakala ambazo hazikuwa zimefika mahali pamoja.

Kwa hivyo swali langu kwa wanaotengeneza apu si kama nakala yenu itachelewa. Itachelewa. Swali ni nani analipa ikichelewa. Kwa sasa analipa mama wa sokoni kwa jina lake, na mnunuzi kwa mafuta yake. Nyinyi hamlipi kitu, na nadhani ndiyo maana hamna haraka.

Naomba vitu vitatu tu. Kila usiku linganisheni nyaraka na faharasa, mjue nini kimezidi na nini kimepungua. Kabla ya kumwonyesha mtu nambari ya simu ya muuzaji, ulizeni hifadhidata yenyewe kama huo waraka bado upo. Ni waraka mmoja, haichukui muda. Na mwandike wazi kwa tangazo: "ilithibitishwa saa ngapi". Mtu akiona ni juzi, atapiga simu kabla awashe pikapu.

Na wewe unayetafuta: piga simu kwanza. Ukiambiwa zimeisha, sema asante ukate. Pengine unaongea na mtu aliyefuta tangazo lake siku tatu zilizopita.