Rubani Aliyevua Miguu

Kitabu chenyewe nilikipata kwa wale wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza turubai kando ya barabara katikati ya jiji la Dar es Salaam. Jalada lilishang'oka zamani. Ukurasa wa ndani ulionyesha jina la mwandishi, Boris Polevoy, na mji kilikochapishwa: Moscow. Lugha yake Kiingereza. Bei yake, soda moja.

Nilikinunua kwa sababu muuzaji alinipa muhtasari bila kuulizwa. "Hicho ni cha rubani wa Kirusi, bwana. Kakatwa miguu yote miwili, akarudi kurusha ndege za vita." Na mimi nyumbani nilikuwa na kaka aliyekatwa mguu.

Kaka yangu alikuwa utingo wa lori. Usiku mmoja lori lilipinduka na shehena ya mahindi, mguu wake wa kulia ukabanwa. Hospitali wakaukata chini ya goti. Aliporudi nyumbani alijilaza chumba cha uani, akageukia ukuta. Mama akipeleka uji asubuhi, mchana unarudi na utando juu. Washikaji wa kijiweni walikuja wengi wiki ya kwanza, na machungwa. Wiki ya pili walikuja wawili. Wiki ya tatu hakuja mtu.

Nilikuwa kidato cha tatu, nina daftari la mashairi na kichwa kimejaa upepo. Niliamini kabisa kwamba kitabu kinaweza kumnyanyua mtu kitandani. Ndugu msomaji, usinicheke. Wewe unayeandika pia unaamini hivyo, ila husemi.

Basi mchana nikawa nasoma na kamusi pembeni, jioni nageuza ndoo, nakaa karibu na kitanda chake na taa ya chemli, namsimulia kwa Kiswahili. Nilianza na mtu mwenyewe, kwa maana hadithi ile si ya kutunga tu. Rubani alikuwepo kweli. Aliitwa Alexey Maresyev, mzaliwa wa 1916, mji wa Kamyshin kando ya mto Volga. Baba yake alifariki yeye angali mdogo sana, mama akalea watoto peke yake. Kijana akajifunza ufundi wa kuchonga vyuma kwa mashine. Mwaka 1934 alipelekwa mashariki ya mbali, kwenye ujenzi wa mji mpya wa Komsomolsk kando ya mto Amur, na huko ndiko alikojiunga na klabu ya urubani.

Kaka bado kageukia ukuta. Lakini akauliza, "Kwa hiyo alikuwa fundi kwanza?"

"Fundi."

"Endelea."

Nikaendelea. Vita ilipoingia Urusi mwaka 1941, Maresyev alikuwa mwalimu wa urubani. Akapelekwa mstari wa mbele. Mwanzoni mwa Aprili 1942, akiwa ameshaangusha ndege nne za Wajerumani, ndege yake aina ya Yak-1 ikapigwa karibu na Demyansk, kaskazini-magharibi ya Urusi, upande ulioshikwa na adui. Ikaangukia msituni. Matawi ya misonobari yalimpunguzia kishindo ndiyo maana hakufa, lakini miguu iliumia vibaya. Theluji kila mahali. Alitembea alipoweza, na aliposhindwa alitambaa kwa mikono na magoti. Siku kumi na nane. Alitafuna magamba ya miti na matunda ya porini aliyoyapata chini ya theluji. Mwishowe wanakijiji, watoto ndio waliomkuta, wakamchukua, wakamhifadhi mpaka ndege ilipokuja kumpeleka Moscow. Huko miguu ilikuwa imeshashikwa na kidondandugu. Wakakata yote miwili, chini ya magoti.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Nikanyamaza kidogo, kama mzee anayesubiri wajukuu waseme "enhe?"

Kaka aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia usoni tangu atoke hospitali.

"Dogo," akasema, "huyo kakatwa miwili. Mimi mmoja. Kwa hiyo unaniambia mimi mzembe?"

Sikuwa na jibu.

"Mtu akianguka na ndege anaandikiwa kitabu. Mtu akianguka na lori la mahindi wanasema alikuwa kalewa. Toka na hicho kitabu chako."

Nilitoka. Nilikasirika, nisikufiche. Nilikaa nje kwenye karo nikasema moyoni, huyu hana shukrani. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba alikuwa ameniona ndani kwa ndani. Kweli nilitaka aone aibu. Nilimtumia Mrusi wa watu kama fimbo, nikaiita fimbo hiyo kutia moyo.

Nikasoma peke yangu mpaka mwisho. Maresyev akiwa hospitali alijifunza kutembea kwa miguu ya bandia ya ngozi na chuma. Kisha akajifunza kucheza dansi, ili madaktari wanaopima marubani wamkubali. Ndege ya kivita ile huendeshwa kwa mikono na miguu pamoja: miguu ndiyo inayosukuma pedali za usukani wa mkiani. Asiye na nyayo anazisikia vipi? Akajifunza upya chuoni, na Juni 1943 akapokelewa katika kikosi cha 63 cha ndege za kivita. Mwezi uliofuata, katika mapambano ya Kursk, tarehe 20 Julai, aliwaokoa marubani wenzake wawili na kuangusha ndege mbili za adui. Agosti 24 akatunukiwa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Katika vita nzima aliruka mara 86 na kuangusha ndege 11. Nne akiwa na miguu, saba akiwa hana.

Hizo hesabu zilinisisimua sana. Lakini lililoniingia zaidi lilikuwa mwishoni kabisa mwa kitabu, pale Polevoy anapoeleza alivyokutana na mtu huyu.

Polevoy alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la Pravda. Kiangazi cha 1943 alifika uwanja mmoja wa ndege karibu na Orel. Rubani mmoja aliyekuwa ametoka vitani siku hiyo akamkaribisha alale kwenye handaki lake. Walikula, wakaongea, hakuna ajabu. Wakati wa kulala Polevoy akasikia kitu kizito kikigonga sakafu. Akageuka. Rubani alikuwa amevua miguu.

Nilifunga kitabu nikaangalia ukuta wa chumba cha kaka. Yaani mtu ametoka kuua na kukoswa kuuawa angani, amekula na mgeni, amepiga soga, wala hakutangaza kitu. Angemaliza usiku bila kusema, kama si ule mlio. Ndipo mgeni akauliza, rubani akasimulia, na yule mwandishi akaandika. Kitabu kilitoka 1946. Kwenye jina la shujaa Polevoy alibadili herufi moja tu: Maresyev akawa Meresyev. Herufi moja ndiyo nafasi aliyojiachia ya kutunga, na humo akapenyeza mengi.

Mojawapo ya mengi hayo ni mchumba. Kitabuni anaitwa Olya. Maishani mke aliyemwoa Maresyev aliitwa Galina. Lakini huyo Olya wa kitabuni ndiye aliyeleta mambo nyumbani kwetu. Meresyev anamwandikia barua kutoka hospitali, barua baada ya barua, na hamwambii kwamba hana miguu. Anaogopa.

Nikarudi chumba cha uani bila kitabu. Nilikaa juu ya ndoo. Nikasema tu, "Kaka, yule jamaa alikuwa na mchumba. Hakumwambia."

Kimya.

"Anamwandikia kwamba mambo safi."

Kitanda kikalia. Kaka alikuwa anacheka, kicheko kidogo kinachotokea puani. "Dubu porini hamwogopi, Wajerumani hawaogopi, mwanamke anamtetemesha! Huyo sasa ndiye mtu."

Nilijua kwa nini anacheka. Kaka alikuwa na mchumba Korogwe. Sisi wote nyumbani tulikuwa tumeagizwa kusema kwamba yuko safari ndefu ya Zambia, gari limeharibikia njiani, wanasubiri vipuri. Miezi miwili wanasubiri vipuri!

Jioni ile alikula. Akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Kigutu cha Mrusi kilikuwa kinamwasha usiku? Alikuwa anasikia vidole ambavyo havipo? Viatu vya bandia vilimchubua? Nilijibu yaliyokuwemo kitabuni: ndiyo, alichubuka, alitoka damu, aliuma meno. Kaka akatikisa kichwa kama mtu anayepokea salamu kutoka kwa jamaa wa mbali. Siku kumi na nane za kutambaa hazikumgusa. Alichotaka kujua ni miezi kumi na minne iliyofuata, kutoka kuanguka mpaka kurudi vitani. Nani alimvalisha? Nani alimfunga mikanda? Nani alimkubalia kazi? Na kweli, ukikihesabu vizuri kitabu hicho kimejaa watu: wanakijiji, wauguzi, mafundi wa miguu, wagonjwa wenzake wodini, na wale madaktari waliothubutu kusaini karatasi. Mimi nilikuwa nimemsimulia mtu mmoja na theluji.

Baadaye akasema, "Dogo, si unajifanya mwandishi? Chukua karatasi."

Alitaka barua kwenda Korogwe. Nilifurahi ajabu. Nikaandika ukurasa mzima. Nikaanza na dunia kuwa ni duara, nikapitia bahari na mawimbi, nikafika kwenye ndege aliyevunjika bawa. Nikamsomea kwa sauti ya redioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba karatasi, akaichana mara nne.

"Umeandika nini hapa? Huyu atajua lini kwamba nimekatwa mguu?"

"Inaeleweka, kaka. Kwa mafumbo."

"Andika: mguu umekatwa chini ya goti. Andika: sikwenda Zambia. Andika: samahani. Basi."

Nikaandika hivyo. Mistari mitatu. Nimekaa kwenye semina za waandishi tangu siku ile, nimesikia wakubwa wakifundisha mengi, lakini mkono wangu ulinyooshwa pale, na mtu aliyeishia darasa la saba.

Miaka ilivyopita niliendelea kumfuatilia Maresyev kila nilipopata karatasi yenye jina lake. Mwaka 1944 aliondoka mstari wa mbele akapewa kazi ya ofisi, na 1946 akastaafu jeshi. Alisoma historia, akapata shahada ya juu mwaka 1956, na mwaka huohuo akaanza kazi katika kamati ya maveterani wa vita, kazi aliyoifanya miongo mingi. Kitabu kilimfanya awe maarufu kuliko majenerali. Filamu ilitoka 1948. Prokofiev naye alimtungia opera mwaka huohuo, wakubwa wakaikataa, na jumba la Bolshoi likaionyesha 1960, mtunzi mwenyewe akiwa ameshakufa. Wala Maresyev hakuwa peke yake: Zakhar Sorokin, rubani wa kikosi cha majini kule kaskazini, naye alikatwa nyayo zote mbili akarudi kuruka. Lakini waliorudi kutoka vitani bila viungo katika nchi ile walikuwa wengi mno, na wengi walionekana kwenye masoko na vituo vya treni wakiomba. Hao kaka yangu angewaelewa bila mkalimani.

Maresyev alifariki Moscow tarehe 18 Mei 2001, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 85. Ukumbi ulikuwa umeandaliwa kwa sherehe yake. Moyo ulisimama kama saa moja kabla ya kuanza. Waliokuja kumpongeza wakasimama kimya kumkumbuka. Karibu miaka 59 alikuwa amevaa miguu ile kila asubuhi na kuivua kila usiku, na ya vitani ilikuwa chini ya miwili. Hiyo mingine yote haina vita ndani yake. Mtu angeiandika hiyo, kaka angesoma mwenyewe na kamusi.

Jibu kutoka Korogwe lilikuja baada ya wiki tatu. Kaka alilifungua akiwa ameegemea mlango wa uani, mimi nikijifanya nafua. Mwandiko wa shule, kalamu ya bluu, nusu ukurasa. Hakuna neno la pole. Aliuliza ni mguu upi. Kisha akauliza, akishuka Ubungo Jumamosi, nani atampokea.

Kaka akaikunja barua, akaitia mfukoni. Akaniambia nimletee magongo.