Mlango Usiofunguka kwa Nguvu

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na mto si kitu kigeni kwangu. Utotoni nilivushwa kwenda Bweni kwa mtumbwi mara nyingi kuliko nilivyopanda gari. Kwa hiyo mwanangu, aishiye Uingereza, aliponialika kwake na kunieleza kuwa amekodi mashua kwa siku tatu ili tupande Mto Thames, mimi na yeye tu, kutoka Oxford hadi Lechlade, nilitambua kwamba hakuniita kutazama maji. Ilikuwa miaka miwili hatujazungumza kwa moyo mweupe, tangu siku tulipomzika mama yake, naye hakuwapo.

Tuling'oa nanga asubuhi moja ya mwezi wa Juni, baada ya kusoma dua ya kupanda chombo, ile ya Nabii Nuhu (A.S.) iliyomo katika Sura ya Hud. Mto ule haufanani na wa kwetu. Ni mwembamba na mtulivu, unapindapinda katikati ya malisho ya ng'ombe, na hauna harufu ya chumvi. Chombo hushika upande wa kulia, na sheria hairuhusu mwendo kuzidi kilometa 8 kwa saa, ili mawimbi yasibomoe kingo na viota vya ndege. Kijana mmoja aliyekuwa akikimbia ukingoni alitupita, akatupungia mkono, akapotea mbele yetu.

Hapa na pale, ndani ya nyasi, tuliona vibanda vya saruji vyenye matundu ya bunduki. Mwanangu alinieleza kuwa vilijengwa mwaka 1940 kuwangojea wanajeshi wa Ujerumani, ambao hawakufika kamwe. Sikujibu neno. Siku nzima ile mazungumzo yetu yalikuwa ya kamba, chai na usukani. Wakati wa swala tulifunga chombo ukingoni, kwa kuwa mto hupinda mno hata kibla, ambacho huko ni kusini-mashariki, kikawa mara mbele yetu, mara nyuma.

Jambo nililotaka kuwasimulia lilitokea siku ya pili, mahali paitwapo Shifford. Maji ya Mto Thames yamezuiwa kwa ngazi, na chombo hupandishwa kutoka ngazi moja hadi nyingine kwa kupitia loki. Loki ni chumba kirefu katikati ya maji, chenye milango mizito mbele na nyuma. Unaingia kwa mlango wa chini, unaufunga nyuma yako, unazima injini na kushika kamba za omo na tezi. Kisha unafungua vilango vidogo vilivyomo katika mlango wa juu, maji yanaingia, na chombo kinainuka polepole. Katika loki nyingi za juu ya Oxford kazi hii hufanywa kwa mikono: kila mlango una boriti ndefu ya mbao, nawe unaisukuma kwa mgongo.

Mlinzi wa loki hakuwapo siku ile. Mwanangu alibaki chomboni na kamba, mimi nikapanda juu. Maji yalipokuwa yakiingia niliona yamekaribia kujaa, nikaegemea boriti na kusukuma. Haikutikisika. Nikasukuma tena hata miguu ikateleza na kifua kikanibana.

"Baba, acha," aliniita kutoka chini. "Hata watu kumi hawauwezi. Maji hayajalingana. Yakilingana, utaufungua peke yako."

Nilikaa juu ya boriti ile nikihema, nikamtazama akiinuka taratibu pamoja na chombo, hata uso wake ukawa karibu usawa na miguu yangu. Hapo nikajiona. Miaka miwili nilikuwa nikisukuma. Kila nilipompigia simu nilimkumbusha kuwa mama yake alimtaja hadi pumzi ya mwisho. Nilitaka akiri kosa, kisha nimsamehe.

Lakini ukweli nilioufahamu peke yangu ni huu: mama yake aliugua miezi minne, nami nilimficha. Alikuwa akijiandaa kwa mitihani, nikawaamuru ndugu zake wote wamwambie mama ni mzima. Nilipompa habari, mgonjwa alikuwa na saa chache, na sisi Waislamu hatucheleweshi maiti. Alipopata tiketi, tulikuwa tumekwisha kurudi makaburini. Kisha nikamlaumu kwa kutokuwapo.

Nilimwambia pale pale, maji yakiwa bado yanaingia. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekunyima mama yako. Nisamehe." Hakujibu. Alishika kamba, machozi yakimtoka, hata maji yakatulia. Nikaegemea tena, na mlango ukafunguka kwa uzito wa mwili wangu tu.

Usiku ule tulifunga chombo karibu na Daraja la Radcot, mojawapo ya madaraja makongwe kabisa ya Mto Thames. Huko mwezi wa Juni Magharibi huingia baada ya saa tatu za usiku. Nilimwomba atangulie, nikaswali nyuma yake, na katika kisomo chake nikasikia matamshi aliyofundishwa na mama yake, neno kwa neno. Baada ya swala aliniuliza, "Baba, alisema nini siku za mwisho?" Tulizungumza hadi Isha, na baada ya Isha.

Ndugu wazazi, tumefundishwa haki zetu juu ya watoto, nasi hatuchoki kuwakumbusha. Tusisahau kuwa nao wana haki juu yetu, na kuambiwa ukweli ni mojawapo. Mzazi akiomba radhi heshima yake haipungui.

Allah amrehemu mama yao, na atusamehe tuliobaki. Amin.