Kizuri Chajiuza

Kuna methali tunaipenda sana hapa kwetu, hasa mtu akitaka kusifu biashara yake: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Salamanda mmoja wa Iran amenifanya niitilie shaka.

Anaishi katika milima ya Zagros, mikoa ya Lorestan na Khuzestan. Wanasayansi humwita Neurergus kaiseri, jina alilopewa mwaka 1952. Ukimwona utasema ni mjusi, ila ni wa ukoo mmoja na chura: ngozi haina magamba na mayai hutagwa majini. Mwili ni mweusi wenye mabaka meupe, miguu ni ya rangi ya machungwa, na mgongoni kuna mstari wa rangi hiyo hiyo. Anatoshea kiganjani. Yaani ni mrembo, bana.

Makazi yake ni vijito na vidimbwi vya milimani, penye misitu ya mialoni. Kiangazi kikikaza, maji mengi hukauka, naye hujificha chini ya mawe ama ardhini hadi mvua irudi. Ana miezi michache tu ya maji ya kuzaana. Ukiwachota wakati huo kwenye kidimbwi kimoja, umechota na kizazi kijacho.

Na walichotwa. Picha zake zilienea kwenye intaneti, wafugaji wa nchi za mbali wakamtaka. Ilifika mahali wataalamu wakakadiria kwamba waliobaki porini hawafiki 1,000. Mwaka 2010, kwenye mkutano wa CITES mjini Doha, Iran iliomba biashara ya kimataifa ya salamanda hawa wa porini ipigwe marufuku, na ikakubaliwa. Hoja kubwa ilikuwa hiyo ya kuuzwa mtandaoni. Baadaye waligunduliwa sehemu zaidi, na mwaka 2016 IUCN ikawatoa kwenye kundi la walio hatarini kabisa. Nafuu, lakini si salama.

Sasa, kodi ya nyumba mimi huilipa kwa kuandika maelezo ya bidhaa za maduka ya mtandaoni. Najua neno linalouza kuliko yote: adimu. Zimebaki chache, agiza leo. Mhifadhi naye, akitaka tumlinde salamanda, anatumia neno lile lile. Msomaji mmoja anaona cha kulinda. Mwingine anaona cha kununua kabla hakijaisha.

Na si mambo ya Iran pekee. Mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na sisimizi kama 5,000 kwenye vijichupa. Mahakama iliwapa chaguo: faini ya shilingi milioni 1 ama miezi 12 jela. Watu walicheka, kwani sisimizi ni pesa? Ni pesa, kama kuna mtu mahali anayewafuga ndani ya kioo sebuleni.

Kizuri hakijiuzi. Kuna anayekichukua, kuna anayekipiga picha, na kuna anayekiandikia maneno matamu. Huyo wa tatu ni mtu wa kazi kama yangu. Kwa hivyo nimejiwekea sheria ndogo: nitasema mnyama anafanana vipi, anaishi vipi na nini kinamtisha. Ukiniuliza kijito chake kinaitwaje, hapo nanyamaza.